Kapoteza kazi, anataka nimsaidie kumficha dada yake habari hiyo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume mwenye mke na watoto wawili. Nimejitolea katika kikundi kinachowasindikiza watu wanaotoka gerezani. Hatulipwi. Kila mmoja wetu hupewa mtu mmoja wa kukutana naye mara moja kwa wiki kwa muda wa mwaka mzima: kumsikiliza, kumsaidia kufuatilia kitambulisho, kwenda naye kwenye ofisi anazoziogopa. Tulipewa mafunzo kabla ya kuanza, na tuna mratibu tunayempigia simu tukikwama.

Niliyepewa mimi nitamwita Kaka, kwa kuwa kanizidi umri. Alikaa ndani zaidi ya miaka kumi. Siku za mwanzo nilijifunza mengi kwa kumtazama tu. Tukifika kwenye mlango uliofungwa alikuwa anasimama pembeni, mikono nyuma, anangoja mpaka mimi nishike kitasa. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Tukiwa tumekaa mahali, akitaka kwenda msalani, ananiomba ruhusa. Taratibu mambo hayo yakapungua. Akapata kazi ya kupakia na kupakua mizigo ghalani, akahamia kwa dada yake. Huyo dada ana watoto, na ndiye pekee katika ukoo aliyekubali kumpokea. Alimpokea kwa sharti kwamba afanye kazi na achangie matumizi ya nyumba.

Mwezi huu mambo yameharibika. Mara mbili mfululizo hakuja tulipopanga kukutana, na simu ilikuwa inaita tu haipokelewi. Mara ya tatu akaja. Alikaa kimya muda mrefu, mwisho akaniambia kazi imekwisha. Kuna mtu pale ghalani alipata habari za kifungo chake, zikamfikia msimamizi, naye akaitwa na kuambiwa asirudi. Dada yake hajui. Kila asubuhi Kaka anavaa nguo za kazi, anaaga, anatoka, anazunguka mitaani mpaka jioni, halafu anarudi na kusema amechoka. Na kweli anakuwa amechoka.

Sasa siku ya mshahara inakaribia. Ameniomba nimkopeshe kiasi kile kile alichokuwa akimpa dada yake, ampelekee kana kwamba katoka kulipwa, ili apate nafasi ya kutafuta kazi nyingine kwa utulivu. Kaapa atanirudishia. Ameniomba pia nisimwambie mtu yeyote: dada yake, mratibu wetu, wala afisa anayemsimamia, kwa kuwa aliachiwa kwa masharti na bado anaripoti. Aliniambia, "Huku nje wewe ndiye mtu pekee niliyemwambia ukweli." Hela yenyewe ninayo, na si nyingi ya kunitikisa. Katika mazungumzo hayo alisema hata bora kule ndani, hakuna aliyekuwa akimdai kitu, na watu walimheshimu kwa sababu yeye ndiye aliyewaandikia barua na rufaa zao. Nilimwambia asiseme hivyo, tukaendelea na mengine.

Mke wangu anasema imetosha. Tangu mwanzo hakuipenda kazi hii, na sasa anauliza: mtu anayeweza kumdanganya dada yake wa damu kila asubuhi bila kupepesa macho, sisi atashindwa kutuficha nini? Sina jibu la kumpa. Nikimnyima Kaka hela naogopa atarudi kwa wenzake wa zamani. Nikimpa, naona kuna jambo haliko sawa ila nashindwa kulieleza. Nikimwambia mratibu, nitakuwa nimemvunjia imani mtu ambaye nimehangaika miezi kadhaa kumfanya aniamini. Nishauri, Shangazi.

Msindikizaji


Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa hela wala siri, nakurudisha kwenye maneno uliyoyapita haraka. Kaka alikwambia hata bora kule ndani. Ukamwambia asiseme hivyo, mkaendelea na mengine. Nakuomba myarudie maneno hayo, tena usingoje siku yenu ya kukutana. Mpigie leo.

Nina sababu ya kukuharakisha. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Dawa za kulevya ndizo zilizoongoza kwa kuua, na miongoni mwa sababu nyingine kubwa walikuwamo waliouawa na waliojiua. Kaka yako ameshazivuka wiki hizo, lakini kwa kupoteza kazi amerudishwa kwenye hali inayofanana nazo sana: hana cha kufanya mchana kutwa, aibu imemjaa, na nyumbani hawezi kufungua mdomo.

Kwa hiyo muulize waziwazi: "Kaka, uliposema bora kule ndani, ulikuwa unafikiria kujidhuru?" Najua ulimi utakuwa mzito. Watu wengi huogopa kwamba wakiuliza watampandikiza mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa kuzuia kujiua wameliangalia jambo hili kwa miaka mingi, na ushahidi walioupata hauungi mkono hofu hiyo; mara nyingi anayeulizwa hupata ahueni. Akikujibu ndiyo, au akikwepa kwa namna inayokutia wasiwasi, usimwache peke yake. Mpigie mratibu hapo hapo, na Kaka afike hospitali siku hiyo hiyo. Akisema hapana, kwamba amechoka tu na anakumbuka mahali alipokuwa na heshima, mwamini. Atakuwa ameshajua kwamba maneno ya namna hiyo kwako yana pa kusikilizwa.

Sasa hela. Usimkopeshe.

Sisemi hivyo kwa kumwona tapeli. Nadhani anayo nia ya kukulipa. Lakini siku ya mshahara itarudi tena mwezi ujao, na safari hiyo utakuwa mshirika kamili: dada wa watu amepokea hela mkononi akishukuru, na hela ni yako, na uongo ni wenu wawili. Atajua. Nyumba ina watoto, ina majirani, na mtu anayeondoka na nguo za kazi na kurudi nazo safi hawezi kuficha jambo hilo muda mrefu. Siku atakayojua, mtu wa kikundi aliyemwamini kuwa yuko upande wa ukweli atakuwa wa pili kwenye orodha ya waliomdanganya. Kile ulichoshindwa kukieleza katika barua yako, nadhani ndicho hicho.

Halafu kuna jinsi deni linavyofanya kazi kati ya watu wawili. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kaka aliacha kuja mara mbili akiwa na aibu tu. Muongezee deni asiloweza kulilipa, utaona simu inavyoita hadi ikate. Nimewaona wasindikizaji wenye moyo mwema kabisa wakimpoteza mtu wao kwa namna hiyo, na hawakumpoteza kwa sababu alitaka kuwadhulumu. Alishindwa tu kuwatazama usoni. Kama kuna hitaji la kweli, nauli ya kwenda kwenye usaili au ada ya kitambulisho, lipitishie kwenye kikundi ili lijulikane na liandikwe.

Mwambie mapema mkishakaa, usilibebe jibu mpaka mwisho wa mazungumzo huku yeye akikutazama mfukoni. Unaweza kusema hivi: "Kaka, hela hiyo sitakupa. Nakuamini, lakini nikikupa nitakuwa namdanganya dada yako pamoja nawe. Ninachoweza ni kukaa na wewe hapa tupange utamwambiaje, na ukitaka niwepo, nitakuja." Halafu nyamaza. Anaweza kukasirika. Anaweza hata kuinuka na kuondoka. Usimkimbilie na nusu ya hela.

Hofu yako ni kwamba akinyimwa atarudi kwa wenzake wa zamani. Mimi naogopa zaidi kitu kingine. Kazi ya ghalani imekwisha, inauma, lakini kazi nyingine hupatikana. Chumba kwa dada yake kikiondoka, kipi kitakuwa badala yake? Japani wana kisa wanachokisimulia mpaka leo. Katika mkoa wa Shizuoka, miaka ya 1880, mtu mmoja alitoka gerezani akiwa amedhamiria kwa dhati kutotenda kosa tena. Alipofika nyumbani akakuta mkewe ameolewa na mwanamume mwingine, na jamaa zake wakakataa kumpokea. Hakurudi kwenye uhalifu, kwa kuwa aliahidi hatarudi. Akajiua. Kisa hicho kilimgusa sana mfanyabiashara na mfadhili aliyeitwa Kinbara Meizen, naye mwaka 1888 akaanzisha chama cha kuwapokea na kuwasaidia waliotoka gerezani. Huko ndiko unakotajwa mwanzo wa utaratibu ambao mwaka 1950 uliwekewa sheria yake: raia wa kawaida, wasiolipwa mshahara, hukutana na watu waliotoka kifungoni, mara nyingi majumbani kwao, wakishirikiana na maafisa wa serikali. Miaka ya karibuni wamekuwa zaidi ya 45,000. Kazi unayoifanya wewe, mwanangu, ilianza kwa sababu ya mtu aliyekosa pa kufikia.

Kaka anapo pa kufikia. Uongo huu ndio unaopahatarisha.

Mimi simjui dada huyu, ila nimezungumza na ndugu wengi waliompokea mtu wao. Wengi hawakuchoshwa na umaskini wa ndugu yao. Walichoshwa na kudanganywa: miaka ya ahadi kabla ya kifungo, kila neno likageuka. Alipoweka sharti la kazi, sidhani alikuwa anahesabu hela peke yake. Alitaka dalili kwamba safari hii mambo ni tofauti. Kwa hiyo jinsi habari itakavyomfikia ina uzito kuliko habari yenyewe. Ikitoka kinywani mwa kaka yake, kabla ya siku ya mshahara, ana mtu mbele yake anayesema ukweli unaomuumiza. Huenda ni mara ya kwanza anauona.

Hapo ndipo pa kukaa na Kaka na kufanya kazi kwelikweli. Asiende na maneno ya kuomba huruma. Aende na mambo ya kusema: kazi ilikwisha siku gani, kwa sababu gani, kwamba amekuwa akitoka asubuhi bila pa kwenda na kwamba aliona haya. Aseme amefanya nini tangu hapo na wiki hii atafanya nini. Kisha aseme ana nini cha kuchangia wakati hela haipo. Mtu aliyeweza kuwaandikia wenzake rufaa anaweza kukaa na watoto wa dada yake na madaftari yao kila jioni. Anaweza kuwapeleka na kuwarudisha shule ili mama yao apate saa mbili za ziada. Halafu aulize swali moja na kungoja jibu: "Unaweza kunivumilia mpaka lini?" Achague wakati ambao watoto hawapo na dada hajachoka. Jaribuni mara moja mbili, wewe ukiwa dada. Msicheke. Sentensi ya kwanza ndiyo itakayomkaba, na ni vizuri imkabe mbele yako kwanza.

Uende naye? Akiomba, nenda, ukae pembeni, usiseme kwa niaba yake. Asipoomba, usijialike.

Kuhusu afisa anayemsimamia, chukueni ile karatasi ya masharti ya kuachiwa kwake mkaisome pamoja mstari kwa mstari. Masharti hutofautiana kutoka nchi hadi nchi na hata kutoka mtu hadi mtu. Kupoteza kazi kwa kawaida si kosa. Lakini mahali pengi aliyeachiwa kwa masharti hutakiwa kutoa taarifa akibadilisha kazi au makazi, na akificha anaweza kujikuta anahojiwa kwa kuficha, hata kurudishwa ndani, wakati jambo lenyewe lingemalizika kwa maelezo ya dakika kumi. Anayekwenda mwenyewe kusema husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Tena afisa huyo anaweza kuwa anajua mwajiri mwingine au mafunzo yenye nafasi. Kaka anamwona kama mtu wa kumrudisha gerezani tu, na baada ya miaka kumi na ushei siwezi kumlaumu.

Sasa siri. Ulisema ukimwambia mratibu utakuwa umemvunjia imani. Utaivunja ukimwambia kwa nyuma. Mwambie Kaka kwanza: "Nitazungumza na mratibu wiki hii, kwa sababu na mimi nahitaji wa kunishauri." Mratibu yupo kwa ajili yako kama alivyo kwa ajili ya Kaka, na msindikizaji anayebeba peke yake huchoka akaacha. Na tumia nafasi hiyo kumwekea wazi mipaka, hata kama mlishaigusa siku ya kwanza. Mambo mengi anayokwambia ni yake na yatabaki kwako: familia, hofu, makosa ya zamani yaliyokwishahukumiwa, mapenzi, ndoto mbaya. Lakini akikwambia anataka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au kuna mtoto yuko hatarini, au kuna uhalifu unapangwa, hutanyamaza, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajafungua mdomo. Kumficha dada yake kazi iliyokwisha hakumo katika hayo manne. Ndiyo maana sikwambii umpigie dada simu. Habari hiyo ni ya Kaka kuitoa.

Yale maneno kwamba wewe ndiye mtu pekee aliyemwambia ukweli, yapokee kwa heshima, maana yamemgharimu. Ila yasikulevye. Kama mwakani, mwaka wenu ukiisha, bado utakuwa wewe peke yako, Kaka atakuwa na hali mbaya kuliko leo. Kazi yako ni kuhakikisha wanaongezeka.

Nije kwenye kazi iliyopotea, kwa sababu isiposhughulikiwa vizuri hata ijayo itakwenda vivyo hivyo. Hukuniambia kama msimamizi wa ghala alijua habari za kifungo wakati anamwajiri. Nahisi hakujua. Kama nimehisi sawa, Kaka alikuwa anakwenda kazini kila siku akiwa ameshikilia siri, na siri ya namna hiyo humfanya mtu ajitenge, asile na wenzake, asijibu maswali ya kawaida, mpaka mtu fulani aanze kuchimba. Fuatilieni sheria ya mahali mlipo inasemaje. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya tangu mwaka 1974 inayofanya baadhi ya hukumu, baada ya muda fulani, zisilazimike tena kutajwa kwa waajiri wengi. Hukumu nzito na kazi za aina fulani zina utaratibu wake. Nchi nyingine zina sheria zao, na nyingine hazina kabisa. Msimwache Kaka akisie.

Pale ambapo analazimika kusema, au ameamua kusema, atayarishe maneno machache. Nimesikia watu wakiharibu kwa kusema mno: wanaanza na kosa, wanaingia kwenye kesi, wanamlaumu shahidi, mwajiri anabaki na picha ya tukio la miaka kumi iliyopita na hajaambiwa lolote juu ya mtu aliye mbele yake. Inatosha kusema: "Nilifungwa kwa kosa nililolitenda mwaka fulani. Nimemaliza. Ndani nilijifunza hiki na hiki, tangu nitoke nimefanya kazi hii, na huyu anaweza kunishuhudia." Basi. Akae kimya aulizwe. Na huyo wa kumshuhudia anaweza kuwa wewe, kikundi chenu kikiruhusu, kwa barua inayosema yale tu uliyoyaona kwa macho yako: kwamba miezi yote hii alikuwa anafika, kwamba alipokwama alirudi na kusema.

Lipo jambo moja katika barua yako lililonifurahisha sana, nalo ni hizo rufaa. Mtafiti Shadd Maruna alifanya mahojiano marefu na watu waliowahi kufungwa huko Liverpool, Uingereza, na mwaka 2001 akachapisha aliyoyapata. Aliwalinganisha walioacha uhalifu na walioendelea. Maisha yao ya nyuma hayakuwa yamepishana sana. Walipishana katika hadithi waliyojisimulia. Walioendelea walijiona wamekwishahukumiwa na maisha, lolote wafanyalo ni bure. Walioacha walijiona kwa ndani ni watu wema walioharibikiwa njiani, na walitaka sana kutoa kitu kwa wengine, hasa kwa vijana waliokuwa wakielekea walikotoka wao.

Sasa mtazame Kaka. Ndani alikuwa mtu wa kuendewa. Mtu asiyejua kusoma alimletea karatasi za mahakama, naye akazisoma, akauliza maswali, akaandika. Ametoka nje, na kila anayekutana naye anamsaidia: wewe, dada yake, afisa, kikundi. Miezi yote ni kupokea tu. Mimi nadhani hapo ndipo palipomuumiza kuliko hata ghala. Muulize aliandikaje rufaa ya kwanza, alimwandikia nani, alijifunzia wapi. Msikilize kwa muda. Kisha tafuteni mahali panapohitaji mkono huo: darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, ofisi ya msaada wa kisheria inayohitaji mtu wa kupokea watu na kuandika maelezo yao, au kikundi chenu chenyewe, maana wiki hii hii kuna mtu ametoka na ana fomu mbele yake asizozielewa. Hailipi. Lakini asubuhi atakuwa anatoka akiwa na pa kwenda.

Nimemfikiria pia mke wako. Usimwambie haelewi. Ameuliza swali la mtu mwenye watoto, na ana haki ya kujibiwa kwa mambo ya kuonekana. Mnakutana wapi? Iwe mahali pa wazi penye watu, saa zinazojulikana. Kaka anapajua kwenu? Kama hapajui, pasijulikane bila ridhaa ya mkeo. Mambo yakienda kombo kwa dada na akakuomba kulala kwako, jibu ni hapana, na yeye mkeo alijue jibu hilo tangu sasa ili asiliwaze usiku. Na kuhusu mtu anayedanganya kila asubuhi, mwambie kwamba huyu alikuja mwenyewe akakusimulia yote bila kubanwa na mtu. Hilo haliondoi hofu yake, ila ni sehemu ya picha na anastahili kuiona.

Anaposema imetosha, huenda anasema pia kwamba hakuoni nyumbani hata ukiwepo. Huko Kanada, katika mji wa Hamilton, mwaka 1994 mchungaji wa kanisa dogo la Wamenoni aliombwa msaada kwa ajili ya mtu aliyemaliza kifungo chake chote, ambaye majirani walikuwa wamepandwa na hasira asikae mtaani kwao. Mchungaji hakumbeba peke yake. Alikusanya waumini wachache wakamzunguka, mmoja leo, mwingine kesho, wakimsaidia na wakati huo huo wakimhoji bila kumwogopa. Mtindo huo umeenea nchi kadhaa, na kawaida yake ni watu wanne hadi sita kwa mtu mmoja. Hata Umoja wa Mataifa, katika Kanuni za Mandela za mwaka 2015 kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, unasema wajibu wa jamii hauishii siku mfungwa anapoachiwa. Jamii, mwanangu, si wewe. Mwombe mratibu akupe mwenzako wa kusaidiana kwa Kaka, angalau mpaka mtikisiko huu upite. Na ukifika mahali unaona huwezi tena, ruksa kuacha, ila uache kwa kumwambia uso kwa uso na kumkabidhi kwa mwingine. Watu wengi maishani mwake walipotea bila kuaga.

Akikosa kuja tena, usimpe adhabu na usimfuate mpaka mlangoni kwa dada. Kaa mahali penu muda wenu wote, kisha mtumie ujumbe mfupi: "Nilikuwepo. Wiki ijayo nipo, saa ile ile." Wiki ijayo uwepo.

Na akikataa kabisa kumwambia dada yake, siku ya mshahara ikapita? Hutampigia dada. Utamwambia Kaka kwamba dada akikuuliza hutamdanganya, na utamwambia hivyo mapema ili ajue anachokichagua. Hela bado hutampa. Mratibu awe anajua hali ilivyo. Kisha mtaendelea kukutana, mtaendelea kutafuta kazi, na kila mkikutana utamuuliza kama ameshasema.

Shangazi